Kiti Kimoja na Damu ya Watu Elfu Nne

Sogezeni viti. Aliyeshika simu aiweke kifudifudi mapajani, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma. Hadithi ya leo haina sungura wala mfalme. Ina mashine moja, watu wanne na kiti kimoja. Mwisho wake sinao, nitawaachia ninyi.

Palikuwa na mji wa milimani, upande wa kusini, mji wa kahawa na wa baridi inayowafanya watu wavae makoti mpaka saa nne asubuhi. Katika mji huo palikuwa na ofisi ndogo ya Daftari la Wachangia Damu. Daftari lenyewe si la karatasi. Ni hifadhidata, yaani kabati lililomo ndani ya mashine, na ndani yake kila mchangia damu wa wilaya nzima ana mstari wake: jina, kijiji, namba ya simu, siku aliyotoa damu mara ya mwisho, na kundi la damu yake. Mistari hiyo ilikuwa elfu nne mia tatu na kumi na miwili. Walioitunza walikuwa wanne, chumba kimoja, meza nne, birika moja la kahawa.

Wa kwanza ni Skolastika Haule, mama wa makamo, na kipaji chake kilikuwa kutunza. Hakuamini kuwa ana kitu mpaka awe nacho mara mbili. Nyumbani kila kufuli ina funguo mbili, na kanisani hubeba miwani ya akiba. Mwongozo wa ofisi ulisema daftari linakiliwe mara moja kwa mwezi. Yeye alilinakili kila Ijumaa saa kumi jioni, kisha akaifungua nakala kwenye mashine ya pembeni kuhakikisha inasomeka. Wenzake walimwita Mama Nakala. Alicheka nao, akaendelea kunakili.

Wa pili ni Kandidus Komba, mtu wa maneno machache, na kipaji chake kilikuwa kusoma kile ambacho hakisomwi na mtu. Hifadhidata huandika kando kumbukumbu ya kila kinachotendwa ndani yake: nani kaongeza, nani kafuta, saa ngapi na sekunde ya ngapi. Maandishi makavu, yanachosha macho hata kuyatazama tu. Kandidus aliyasoma kama watu wanavyosoma barua za nyumbani. Angeweza kukwambia ulifanya nini Jumatatu, nawe mwenyewe umeshasahau.

Wa tatu ni Osmund Ngonyani, mcheshi, msemaji, fundi wa kuuliza. Kwenye mikutano ya jumuiya akinyoosha mkono watu huguna, maana swali lake moja huwa na maswali saba tumboni. Lakini swali la namna hiyohiyo akiielekezea mashine, mashine ilijibu papo hapo, tena jibu moja lililonyooka, pale ambapo wewe na mimi tungeuliza mara saba na kupata marundo saba ya majina.

Wa nne ni Gaudensia Kapinga, na huyu ndiye tutakayemfuata. Alikuwa mkuu wa chumba, na pia katibu wa tawi la Umoja wa Wajenzi wa Hifadhidata. Ukimwuliza kipaji chake, atakwambia hana. Alichokuwa nacho ni utaratibu. Yeye ndiye aliyeweka sheria ya chumba kwamba anayetaka kubadilisha kitu daftarini aseme kwanza kwa sauti, "Nabadilisha rekodi!" na mwenzake yeyote amwulize, "Ya nani?" Hapo mtu hutaja jina, akahakikisha jina hilo limo katika amri yake, ndipo abonyeze. Wageni waliofika pale walidhani ni mchezo wa watu wazima waliokosa kazi. Haukuwa mchezo hata kidogo. Amri ya kubadilisha isiyosema ni nani, hubadilisha kila mtu.

Sasa msije mkadhani watu hawa walizaliwa na ujuzi huo. Waliupata mtandaoni, kila mmoja nyumbani kwake, koti mwilini, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kadi ya Umoja ndiyo iliyowafungulia mlango. Mwenye kadi alisoma kwa nusu ya ada, maktaba ya masomo ilikuwa wazi kwake mwaka mzima, mtihani wa kwanza alifanya bure, na akikwama alikuwa na mwalimu wa kumwandikia, akajibiwa kabla ya kesho yake. Skolastika alisoma somo la kunakili na kurejesha. Kandidus alisoma somo la kumbukumbu za mabadiliko. Osmund alisoma somo la maswali. Gaudensia alisoma kidogokidogo ya yote, maana muda wake mwingi ulikwenda kuwahimiza wengine wajiunge.

Na kuhimiza huko ndiko kulikomponza.

Ilikuwa Jumatano. Adhuhuri ilikuja barua kutoka makao makuu ya Umoja, nayo ilikuwa na habari ambazo hazikuwahi kuja. Gaudensia alisimama kuisoma. Punguzo la nusu ya ada kwa masomo yote lingefungwa siku ileile saa saba na nusu mchana. Na juu ya punguzo, mwaka huu kila tawi lilipewa kiti kimoja: miezi sita ya mafunzo mtandaoni chini ya mabingwa wa kazi hii, ada yote imefutwa, na mwisho wake cheti kinachoheshimiwa kila mahali. Jina la mwanachama mmoja liwasilishwe Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Fomu isiyojazwa, kiti kitakwenda tawi jingine.

Gaudensia alifurahi, akakaa upesi. Akaanza kuwaandikia wanachama kwenye grupu: "Wapendwa, mpo? Leo msilale. Mwenye kadi hai aingie kabla ya saa saba na nusu, achague somo lake kwa nusu ada. Aliyesema atasoma mwakani, mwakani ndiyo leo." Huku anaandika hayo, kwenye dirisha jingine la mashine alikuwa na kazi ndogo isiyokwisha: mchangiaji mmoja wa kijiji cha mbali aliandikwa kundi la B chanya, kumbe vipimo vipya vimeonyesha O chanya. Kazi ya mstari mmoja. Akaandika amri: kundi la damu liwe O chanya. Jicho likarudi kwenye tangazo. Mkono ukabonyeza.

Hakusema "Nabadilisha rekodi." Hakuna aliyemwuliza "Ya nani?"

Mashine ikajibu kwa adabu zake: rekodi 4,312 zimebadilishwa.

Gaudensia alilisoma jibu hilo mara tatu. Akafungua daftari juu, akafungua katikati, akafungua mwisho. Padri O chanya. Wachuma kahawa O chanya. Askari, mafundi, masista wa konventi, O chanya. Watu wa wilaya nzima, waliozaliwa kila mmoja na damu aliyopewa na Mungu, alikuwa amewageuza damu moja kwa kidole kimoja, na kahawa yake haijapoa. Hakujua kwamba mkono wake ulikuwa na nguvu kiasi hicho.

Simu ya mezani ikalia.

"Dada Gaudensia, ni Mapunda, wodi ya wazazi," ilisema sauti ya daktari. "Nina mama amejifungua sasa hivi, anavuja damu. Winfrida, yule mwalimu wa darasa la kwanza. Kundi lake B hasi. Jokofuni B hasi sina, na O hasi ambayo ingemfaa imeisha juzi. Nitafutie watu wawili tu, wanivushie mpaka gari la damu lifike kutoka mkoani."

"Una muda gani, Daktari?"

"Saa moja. Isizidi."

Wasikilizaji wangu, mmekwenda ofisi nyingi, nanyi mnalijua jibu ambalo lingemtoa Gaudensia pale alipo. Mtandao umekatika. Maneno mawili tu, hakuna anayeyapinga nchi hii. Yalishafika ulimini. Angekata simu, akahangaika kimyakimya kurekebisha, na wenzake wasijue. Alimtazama Skolastika aliyekuwa anamenya kiazi kitamu, akamtazama Kandidus, akamtazama Osmund. Kisha akasema kwenye simu, "Daktari, subiri, nitakupigia," akasimama.

"Jamani, acheni kila kitu. Nimeharibu daftari. Wote nimewafanya O chanya. Na kuna mama anakufa wodini, anataka B hasi."

Osmund alicheka, akidhani ni utani. Alipokiona kioo cha Gaudensia, akaacha.

Kandidus hakumtazama Gaudensia. Alitazama saa ya ukutani: saa saba na dakika kumi. "Saa nane mashine inafuta kumbukumbu za wiki," alisema. "Kila Jumatano. Ngoja nizihamishe kwanza." Na vidole vyake vilishaanza kazi.

Sasa sikilizeni walivyofanya, maana hapa ndipo mtihani wenu ulipo.

Skolastika alikiweka kiazi chini, akanawa mikono, akaiendea ile mashine ya pembeni. Nakala ya Ijumaa ilikuwepo. Ijumaa hiyo mvua ilinyesha tangu saa tisa, umeme ukakatika na kurudi mara mbili, wenzake wakaondoka. Yeye alibaki na koti lake mpaka akamaliza na kuijaribu. "Mlinicheka," alisema, wala si kwa kulipiza. Aliirejesha nakala, na Gaudensia akiwa nyuma yake akaona kitu ambacho hatakisahau. Safu iliyojaa O chanya tupu ilitoweka, na mahali pake makundi yakarudi: A, AB, B, O, chanya na hasi, mstari kwa mstari, kila mtu akirudishiwa damu yake. Watu elfu nne na zaidi. Gaudensia alifumba mdomo kwa kiganja ili asilie kwa sauti.

Lakini nakala ni ya Ijumaa, na leo ni Jumatano. Jumapili, baada ya misa, watu zaidi ya mia walijiandikisha uwanjani. Hao hawakuwemo.

Ndipo Kandidus alipofungua kumbukumbu alizoziokoa. Alianza Ijumaa saa kumi jioni, akaja mbele akiisoma mistari, midomo ikicheza bila sauti. Alichofanya ni kuiambia mashine iyarudie upya yote yaliyotendwa tangu nakala ile, mtu mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio uleule. Wa Jumapili wakaingia. Wa Jumatatu wakaingia. Wa leo asubuhi wakaingia. Kisha akasimamisha kidole juu ya kioo. "Hapa," alisema. "Saa saba na dakika sita. Mstari huu tusiurudie." Gaudensia aliinama akauona. Ilikuwa amri yake, na jina lake ubavuni. Mbele yake siku tano za wilaya nzima zilikuwa zimepita upya, na mtu yule alikuwa ameweza kuzisimamisha sekunde moja kabla ya kosa lake.

Daftari lilikuwa zima. Lakini daftari zima ni majina elfu nne, na saa ilikuwa saa saba na dakika arobaini na nane.

Ndipo Osmund alipovuta kiti. Wengi tungeuliza, "Nani ana B hasi?" na kupata watu kumi na mmoja: huyu alitoa damu mwezi jana na hawezi kutoa tena, huyu yuko kijiji cha ng'ambo ya mto, huyu simu yake haipatikani tangu mwaka jana. Tungewapigia mmoja mmoja, mama akienda. Osmund aliandika swali moja refu, la mistari kumi na tisa, bila kuvuta pumzi: nani ana B hasi, hajatoa damu kwa miezi mitatu, anaishi au anafanya kazi mahali ambapo pikipiki inafika kwa robo saa, na simu yake ilipokelewa mara ya mwisho ilipopigwa. Akabonyeza. Kabla hajatoa mkono, majina yalikuwa mawili.

La kwanza lilikuwa Alkuin Mbunda, katekista, mchangiaji wa miaka mingi. Yeye alitoka katika nakala ya Skolastika. La pili lilikuwa Imelda Nchimbi, mchambua kahawa kiwandani, aliyejiandikisha Jumapili na simu yake ikajaribiwa palepale. Yeye alitoka katika kumbukumbu za Kandidus. Na wote wawili walitoka katika swali la Osmund.

Gaudensia alipiga simu mwenyewe. Katekista alikuja na vumbi la chaki mikononi. Imelda alikuja na aproni ya kiwandani, akiuliza njiani kama itauma. Walipimwa haraka, damu ikatoka, damu ikaingia. Mama akavuka saa ile, gari la mkoani likamkuta bado yupo.

Alhamisi asubuhi daktari alipiga tena. "Mwalimu Winfrida amekaa kitandani, anadai uji na anagomba umechelewa. Mtoto wa kike. Sijui mlifanya nini humo ndani, lakini aliyefanya mpeni zawadi."

Mpeni zawadi. Neno jepesi hilo, mpaka Ijumaa ilipofika.

Ijumaa alasiri fomu ya kiti ilikuwa mezani kwa Gaudensia, na nafasi ya jina juu yake ilikuwa moja. Wote walikijua kiti kile, na wote walikitaka. Sitawaficha, walikitaka kwa moyo. Skolastika alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, hatapata nafasi nyingine. Kandidus hakuwa na cheti chochote, na kila mwaka mkataba wake ulijadiliwa kwa sababu hiyo. Osmund alikuwa ameshaomba kiti cha aina hii mara nne, akakosa mara nne.

"Mimi sisemi mengi," alisema Skolastika, akasema. "Bila nakala, hawa wangekuwa na nini mikononi? Kandidus angerudia mambo juu ya nini? Osmund angemwuliza nani?"

"Shikamoo mama, lakini nakala yako haikumjua Imelda," alisema Osmund. "Na ninyi wote mngekuwa bado mnapiga simu mpaka leo. Mimi ndiye niliyemkabidhi daktari watu, si mistari."

"Watu wenyewe uliwatoa wapi?"

"Si humo humo!"

"Basi."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaoheshimiana na kuviziana. Kisha wakamgeukia Kandidus, ambaye alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Umewahesabu watu wanne kuwa watatu," alisema Kandidus, akimwangalia Gaudensia. "Andika na lako."

Gaudensia aliruka kitini. "Langu! Kaka Kandidus, mimi ndiye niliyeharibu."

"Ndiyo. Nilikiona kile kioo. Na jibu la 'mtandao umekatika' ulikuwa nalo mdomoni, nilikuona ukisita na simu mkononi. Ungelitoa, ningeanza kusoma saa nane na dakika moja, nami nisingekuwa na cha kusoma. Imelda angebaki kiwandani anachambua kahawa."

"Hapana, hapana," alisema Skolastika, na sauti yake ilikuwa kali safari hii. "Dada Gaude nampenda, Mungu anajua. Lakini tangu lini mtu akachoma nyumba, akapiga yowe, kisha akapewa zawadi ya yowe?"

"Na mwingine angechoma asipige," alisema Kandidus.

Osmund aliichukua barua ya Umoja, akalisoma jina la somo lenyewe polepole, kwa mara ya kwanza. Mafunzo ya miezi sita: Kukinga Hifadhidata Dhidi ya Makosa ya Mkono. Akaiweka chini. "Sasa hapa nina swali," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake swali lilikuwa fupi. "Kiti anapewa anayestahili, au anayekihitaji?"

Gaudensia aliwatazama watatu wale, na alichokuwa nacho moyoni ni mshangao mtupu. Watu ambao Jumanne aliwaona wa kawaida, wanaomenya viazi na kugombea sukari, walikuwa wameirudisha damu ya wilaya nzima mahali pake kwa ujuzi walioupata kwa nusu ada, mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Na mama mmoja sasa hivi alikuwa anamnyonyesha mwanawe. Angeweza kuwaandika wote, lakini nafasi ilikuwa moja. Angeweza kuacha wazi, lakini kiti kingekwenda tawi jingine na wote wakose.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika tatu. Akaisogeza fomu karibu. Akachukua kalamu. Na kwa mazoea ya chumba kile, mazoea aliyoyaweka mwenyewe na kuyavunja mara moja tu, akasema kwa sauti:

"Najaza fomu."

Wote watatu wakamwuliza kwa pamoja:

"Ya nani?"

Hapo ndipo nilipoachwa mimi, na hapo ndipo ninapowaacha. Mama Nakala aliyebaki na mvua, msomaji aliyezisimamisha siku tano kwa kidole, mwulizaji aliyepata wawili katika elfu nne, au mwenye kosa aliyesimama akasema ni mimi? Dakika zimebaki tatu, na kalamu sasa ni yenu. Je, wewe, fomu hiyo ungeijaza ya nani?